Waliosahauliwa na filamu, na waliosahauliwa na sisi



Wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtastaajabu kulikuta katika safu inayoandikwa na katibu wa kamati ya msikiti, nalo ni filamu za mapenzi za Hollywood za zama za babu zetu. Tunawaomba msilifunge gazeti mapema. Tulianza kwa kuwahukumu watu wa mbali, na hukumu hiyo ikarudi kubisha hodi mlangoni petu.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Vijana watatu wa hapa kwetu Kibirizi, ambao hujipatia riziki kwa kuwaongoza wageni wanaopanda boti kwenda Gombe, walikuja ofisini baada ya swala ya Alasiri wakiwa na kompyuta mpakato. Walitueleza kuwa wageni wengi wanaofika mwaloni huwauliza habari za meli ya Liemba na filamu iitwayo The African Queen, na wao hujibu wasichokijua. Sasa wameipata filamu yenyewe, na wanaomba ukumbi wa madrasa ili waioneshe siku ya Jumapili, watoto wajifunze historia ya ziwa lao.

Utaratibu wa kamati yetu ni kwamba hakioneshwi kitu ukumbini kabla hakijatazamwa na watu wazima. Basi tukakaa watu wanne: sisi tulioshika kalamu ya ukatibu, mwalimu mkuu wa madrasa, mzee mmoja aliyefanya kazi ya ubaharia ziwani, na mama mmoja ambaye ni mwakilishi wa kina mama katika kamati. Mama huyu ameanika dagaa katika mchanga wa Kibirizi tangu ujana wake, na kwa umri ni mama yetu kabisa. Tukafunga madirisha, tukatazama.

Kwa wale wasioijua, filamu hiyo ilitoka mwaka 1951. Mwongozaji wake ni John Huston, na waigizaji wake wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Imetokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Sehemu kubwa ilipigwa picha Kongo, kwenye Mto Ruiki, na Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison. Bogart aliipatia filamu hiyo tuzo ya Oscar, ambayo ndiyo pekee aliyopata katika maisha yake.

Hadithi inaanza mwaka 1914 katika kijiji cha kubuni ndani ya koloni la Wajerumani, yaani nchi hii yetu. Yuko mmisionari Mwingereza na dada yake, Rose, mwanamke mtu mzima ambaye hajaolewa. Vita vinatangazwa, Wajerumani wanachoma kijiji na kuwachukua wanakijiji, na mmisionari anapatwa na wazimu, kisha anakufa. Rose anaondoka na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua kuukuu ya mvuke. Wanateremka mtoni, wanapita maporomoko na kwenye risasi za ngome ya Wajerumani, wanapendana, na lengo lao ni kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani inayotawala ziwa. Mwishoni wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa. Wanaomba wafungishwe ndoa kwanza, na punde baada ya hapo meli ile inagonga mashua yao iliyozama nusu, mabomu yanalipuka, nao wanaokoka.

Mzee wetu baharia alicheka sana aliposikia jina la mto huo. Katika filamu unaitwa Ulanga. Ulanga wa kweli uko upande wa Kilombero, na maji yake huingia Rufiji na kumalizikia Bahari ya Hindi. Mtu akiufuata hawezi kufika ziwani hata akitawadha njia nzima. Lakini hilo ni dogo, kwa kuwa mtunzi wa hadithi ana ruhusa ya kuhamisha mto.

Lililo kubwa ni meli. Meli ya filamu inaitwa Louisa, na inajulikana kuwa aliyoiwaza mtunzi ni Graf von Götzen, ambayo sisi tunaiita Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli iliyofika hapa mwaka 1914. Iliunganishwa papa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Waingereza hawakuizamisha, wala hapakuwa na wapenzi wawili wenye mabomu. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakiuacha mji, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi ili isiharibiwe na maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Na mnamo Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa katika ufukwe wa Kagunga, ni meli hiyo hiyo iliyokwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma, wamama na watoto migongoni. Sisi tulioishuhudia safari hiyo tunajua filamu ipi ingefaa kupigwa.

Waingereza, kwa upande wao, walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, mwaka 1915. Zilitoka Cape Town kwa reli hadi Katanga, zikaburutwa milimani na msituni, zikapita Lualaba hadi pwani ya ziwa upande wa Kongo. Waliofyeka njia na kuvuta kamba walikuwa Waafrika kwa mamia. Imesimuliwa pia kwamba maji ya injini za kuvutia boti yalipokwisha, wanawake wa vijiji vya huko waliyabeba kwa mitungi vichwani mwao ili safari iendelee. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani ya Kingani, na Februari 9, 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Hicho ndicho kisa cha kweli kilichompa mtunzi mwanzo wa wazo lake, na mitungi ile ya maji ni sehemu yake.

Sasa turudi kwenye filamu. Waafrika tunawaona mwanzoni wakiwa kanisani, wakiimba wasichokielewa kwa sauti za kuchekesha. Kisha mzungu anatupa kipande cha sigara, nao wanakigombania vumbini. Kisha wanaswagwa na askari. Baada ya hapo wanatoweka, isipokuwa askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Hatukusikia Mwafrika hata mmoja akipewa jina na kisa chake mwenyewe. Malkia wa Afrika anayetajwa katika jina la filamu ni mashua.

Haki yatulazimu kusema na upande wa pili. Rose ni mwanamke aliyetengenezwa vizuri. Mwanzoni ni kivuli cha kaka yake, anapiga kinanda na kumimina chai. Kaka akishakufa, wazo la kwenda kuizamisha meli linatoka kwake. Yeye anajifunza kushika usukani katika mkondo mkali. Yeye anachukua chupa za pombe za yule fundi na kuzimwaga zote mtoni, jambo ambalo mwalimu wetu wa madrasa alilishangilia waziwazi. Hepburn alikuwa na miaka 44, na Bogart alikuwa amevuka 50. Katika filamu za mapenzi ambazo kwa kawaida hupenda vijana wa miaka ishirini, kumpa mwanamke wa umri huo akili, ushujaa na mapenzi ni jambo la kuheshimika. Mazungumzo ya mtu na mwanamke wasio maharimu kukaa peke yao mashuani hatuyapitishi, na ndoa ya dakika ya mwisho haifuti yaliyotangulia. Lakini aliyesema kwamba Hollywood haikujua kumwonesha mwanamke mwenye azma, hakuiona filamu hii.

Hapo ndipo penye fundisho. Filamu ile ile iliyompa mwanamke mmoja sauti, iliwanyang'anya sauti watu wote wa nchi aliyomo. Kumbe mtu anaweza kufungua mlango mmoja kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukifunga mwingine, na asijione kuwa amefanya dhulma.

Tulipofuatilia zaidi tuliona kuwa jambo hili halikuwa bahati mbaya ya filamu moja. Studio za Hollywood zilijiwekea kanuni ya maadili mwaka 1930, na kuanzia mwaka 1934 ikasimamiwa kwa ukali. Baadhi ya makatazo yake Mwislamu angeyaunga mkono, kwani yalizuia uchafu na kuitetea ndoa. Lakini ndani yake mlikuwa na katazo jingine, kwamba yasioneshwe mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi. Yaani katika kurasa zile zile zilizokataza zina, rangi ya ngozi nayo iliwekwa miongoni mwa machafu. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Ikiwa filamu ni ya mapenzi, na mapenzi ni ya weupe kwa weupe, basi mtu mweusi atabaki kuwa mpishi, dereva, mpiga muziki au mbeba mizigo. Na pale alipopewa nafasi ya kuimba, kama Lena Horne, vipande vyake vilipangwa ili wenye majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani waweze kuvikata bila kuharibu hadithi.

Mwaka 1939 ilitoka Gone with the Wind. Hattie McDaniel, aliyeigiza mtumishi wa nyumba, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Katika uzinduzi wa filamu hiyo mjini Atlanta hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi, na usiku wa kupokea tuzo aliketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake. Walimpa heshima ukumbini, lakini kiti katikati yao hawakumpa.

Sisi Waislamu nasi tumo katika orodha hiyo. Mwaka 1921, zama za filamu zisizo na sauti, ilitoka The Sheik, ambamo Rudolph Valentino anakuwa shekhe wa jangwani anayependwa na bibi wa Kiingereza. Watazamaji wanawake waliipenda mno. Ila kabla ya mwisho hadithi inafichua kwamba yule shekhe si Mwarabu: baba yake ni Mwingereza na mama yake ni Mhispania. Mwarabu halisi asingestahili kupendwa hadi mwisho. Na ile Casablanca ya mwaka 1942, inayosifiwa kuliko nyingi, imewekwa katika mji wa Kiislamu wa Moroko, lakini Wamoroko wenyewe wamo kama mapambo ya sokoni na bawabu wa mlangoni. Wageni ndio wenye mapenzi, machozi na maamuzi.

Hata Ujiji yetu haikusalimika. Mwaka 1939 ilitengenezwa filamu ya Stanley and Livingstone, ikiwa na Spencer Tracy. Kila mtoto wa Ujiji anajua kwamba wawili hao walikutana pale mwaka 1871, na kwamba waliowafikisha, kuwalisha na kuwauguza ni wapagazi na wenyeji. Hollywood iliona kisa hicho hakitoshi, ikatafuta mwanamke wa Kizungu wa kubuni ili mwandishi wa habari apate wa kumpenda. Mwanamke asiyekuwepo aliongezwa, na wanawake waliokuwemo katika misafara ile, waliotwanga nafaka na kubeba watoto njiani, hawakukumbukwa.

Na wanawake wa Hollywood wenyewe je? Filamu za aina hiyo zilitengenezwa zikiwalenga wao, na kwa hiyo mwanamke alikuwa mbele ya kamera kuliko katika filamu za vita au za wachunga ng'ombe. Ila nyuma ya kamera ilikuwa habari nyingine. Katika miaka ya 1930 Dorothy Arzner alikuwa karibu peke yake kati ya waongozaji wa studio kubwa. Wanawake walioneshwa wakilia, wakijitoa mhanga kwa ajili ya watoto na kurudishwa mahali pao mwishoni, na walioandika na kuamua machozi hayo yaanguke wapi walikuwa kwa wingi wanaume.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu, ndugu wasomaji, tulikuwa tumejaa ghera. Tulimgeukia yule mama wa dagaa, ambaye muda wote alikuwa kimya, tukamwuliza yeye ameonaje.

Akasema, "Mimi Kiingereza sikijui, Ustadhi, nimetazama nyuso tu. Ziwa ni letu, vita vilipita kwa bibi zetu, na meli tumeipanda na mizigo yetu. Mbona sisi hatumo?"

Tukamjibu kwa madaha ya mtu aliyesoma, "Mama, ndiyo kawaida yao. Mwenye kalamu huandika anaowaona. Filamu imetengenezwa na watu wa mbali, na sisi hawakutuona."

Akatikisa kichwa polepole. "Haya. Na kile kitabu cha msikiti mlichokitoa mwaka jana, nacho kilitengenezwa na watu wa mbali?"

Hatukuwa na jibu. Mwalimu wa madrasa alianza kukunja waya wa kompyuta ambao haukuhitaji kukunjwa.

Yatupasa tueleze. Mwaka jana, tulipokamilisha upanuzi wa msikiti wetu, kamati ilituagiza tuandike kijitabu cha historia. Tulikiandika sisi wenyewe, kwa kalamu hii hii. Kina kurasa kumi na mbili. Tuliwataja waasisi, maimamu, wafadhili, mafundi, mzee aliyetoa kiwanja, hata ndugu aliyetoa kilo mbili za misumari. Wote ni wanaume. Kuhusu wanawake tuliandika sentensi moja: kina mama nao walishiriki kwa hali na mali. Chini ya picha yao tuliandika "baadhi ya waumini".

Ukweli ni huu. Kila giza lilipoingia, wavuvi wanapokwenda ziwani na taa, kila mama wa mwaloni aliyekuwa katika kikundi chao aliweka kando kopo moja la dagaa wakavu kwa ajili ya msikiti. Mbalamwezi ikitoka na uvuvi kupungua, waliyauza makopo hayo kwa pamoja. Walifanya hivyo kwa miaka. Fedha hizo ndizo zilizonunua mabati na kulipa fundi wa upande mzima wa wanawake, na sehemu ya saruji ya upande wa wanaume. Mchanga waliubeba vichwani kutoka ufukweni, na maji ya kuchanganyia waliyabeba kwa ndoo. Mtu akisoma kijitabu chetu ataamini kuwa mchanga ule ulipanda kilima wenyewe.

Mmoja wao alikuwa mweka hazina wa kikundi hicho. Alifariki mwezi wa Rajabu uliopita, Allah amrehemu. Siku ya mazishi yake sisi tulisoma tangazo kwa kipaza sauti, tukamtaja kama mama wa fulani, kwa jina la mwanawe wa kiume. Alikuwa amekwishakiona kijitabu chetu kabla ya kufa kwake. Mama wa dagaa alituambia kwamba marehemu alimwomba mjukuu wake amsomee chote, akasikiliza hadi ukurasa wa mwisho, kisha akasema kimesomwa vizuri. Hakuongeza neno.

Usiku huo hatukulala vyema. Tulikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, na ambayo tumeifundisha mara nyingi bila kujiangalia ndani yake. Alikuwako mwanamke mweusi, kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Akafa, na masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoambiwa kuwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aoneshwe kaburi, akaenda mwenyewe kumswalia. Alikuwa mwanamke, alikuwa mweusi, na kazi yake ilikuwa ufagio. Sifa hizo tatu ndizo ambazo Hollywood ya miaka ya 1930 ingezitumia kumweka nyuma kabisa ya picha, naye Mtume (s.a.w.) akazifuata hadi kaburini.

Tukakumbuka pia kwamba sura ya 58 ya Qur'ani Tukufu imeitwa Al-Mujaadila kwa ajili ya mwanamke, Khawla bint Tha'laba, aliyekuja kujadili shauri la mumewe, na malalamiko yake yakasikiwa kutoka juu ya mbingu saba. Na katika sura ya 49 tumekatazwa kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na tukaelezwa kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Watu watajuanaje ikiwa nusu yao hawatajwi?

Tulipeleka suala hili katika kikao cha kamati Ijumaa iliyopita, tukipendekeza kijitabu kichapishwe upya. Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema kuwa jina la mwanamke ni sitara, na kulitangaza katika karatasi inayofungiwa vitumbua si heshima. Hoja hiyo tusiifanyie kejeli, kwani imetoka katika ghera. Tulimjibu kwa adabu kwamba majina ya wake na mabinti wa Mtume (s.a.w.) tunayasoma hadharani, na kwamba Bibi Aisha (r.a.) amepokewa hadithi zaidi ya elfu mbili kwa jina lake, na hakuna mwanachuoni aliyeona kwamba jina hilo lifichwe. Sitara ni ya mwili na ya aibu za watu. Jasho la halali halikuwa aibu hata lihitaji kufunikwa.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ilitolewa na kina mama wenyewe. Wawili kati yao walisema hawataki kutajwa, kwa kuwa walichotoa walimpa Allah, na wanaogopa riya. Hapo tuliona tofauti ambayo hatukuwa tumeitambua. Anayeficha sadaka yake mwenyewe anafanya ibada. Anayeficha sadaka ya mwenzake anafanya jambo lingine kabisa. Wale wanaume wa misumari hatukuwauliza kama wanaogopa riya, tuliwaandika tu. Basi kikao kimekubaliana kwamba kila mama atafuatwa nyumbani kwake na kuulizwa. Anayeridhia ataandikwa kwa jina lake na kazi yake, asiyeridhia ataheshimiwa, na waliokufa wataulizwa warithi wao.

Binti wa marehemu mweka hazina ametuletea daftari la mama yake. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa bluu, na bado linanuka dagaa. Kila giza lina ukurasa wake, kila ukurasa una majina, na mbele ya kila jina kuna idadi ya makopo. Aliyekosa mwezi mmoja kwa uzazi au msiba ameandikiwa sababu yake. Hakuna mfadhili wetu yeyote mwenye hesabu safi kiasi hicho, na kwa kweli hata kitabu cha hesabu cha kamati hakiifikii. Tunaendelea kulinakili, ukurasa kwa ukurasa, kila baada ya Isha.

Kuhusu filamu, kamati imeruhusu ioneshwe kwa watu wazima na wanafunzi wa sekondari, wavulana na wasichana wakikaa pande zao, na vipande visivyofaa vikirukwa. Kabla haijaanza, mzee baharia ataeleza habari za kweli za Liemba, na mama wa dagaa atasimulia jinsi wanawake wa ziwa walivyosafiri nayo na biashara zao. Vijana wa boti wamepewa kazi ya kurekodi maelezo hayo yote kwa simu zao ili wageni wakiuliza, wawe na la kuwajibu. Tumemwomba mama azungumze kwa muda autakao. Aliuliza kama dakika ngapi. Tukamwambia filamu ina saa moja na dakika arobaini na tano, hivyo naye asipungukiwe na hizo.

Ndugu wasomaji, ni rahisi kuikemea Hollywood. Iko mbali, imekufa iliyokuwepo, na haitatujibu. Tunawaomba wenzetu makatibu wa misikiti, wa madrasa na wa vikundi, popote gazeti hili linapofika, wafungue vitabu vyao vya kumbukumbu na kutafuta sentensi ile ya "kina mama nao". Wakiikuta, waulize nyuma yake wamesimama nani, na waulize mapema, maana wenye kukumbuka wanapungua. Sisi tumechelewa kwa mmoja. Kaburi lake tumelizuru Jumatatu, tukamwombea kwa jina lake mwenyewe.

Allah atusamehe tuliyoyapunguza, na awalipe wote waliobeba mchanga, maji na dagaa kwa ajili ya nyumba Yake. Amin.